Salamu za Usto Sotvoldi

Bi Klara, aliyekuja kununulia mgahawa sahani, alikuwa amemaliza bakuli la tatu la chai na ukurasa wa tovuti ulikuwa bado haujafunguka. Alikuwa na simu mbili. Moja ameiweka mapajani, imewashwa sauti, ili mshirika wake aliyeko Tashkent asikike. Nyingine ameinyanyua mbele ya uso, na kwenye kioo chake kile kiduara kilikuwa kinazunguka tu. Sahani mia mbili za bluu zilikuwa zimepangwa uani mbele ya miguu yake, zimekauka, zinang'aa, lakini hazikusaidia kitu. Mwenye pesa za mgahawa alikuwa Tashkent, na yeye alitaka kuziona kwenye simu yake.

"Naona kofia," sauti ya mshirika ilisema. "Kofia na paji la uso. Klara, huyu mzee ni nani? Mimi nataka sahani."

"Huyo ni mimi," alisema Usto Sotvoldi, fundi mkuu wa ufinyanzi, kwa upole, akijiinamisha kidogo kuielekea simu. "Mwambie asubiri. Ndiyo kwanza namsalimia."

Muhayyo alisimama pembeni na birika mkononi akitamani ardhi ipasuke immeze. Yeye ndiye mkamwana wa nyumba ile, na mambo ya tovuti yalikuwa yake: kujibu wateja, kupiga picha sahani, kuandika bei. Ukurasa ukikwama, aliyekwama ni yeye.

"Usto, mwenzangu hana muda," alisema Bi Klara.

"Asiye na muda wa kusalimiwa, atapata muda wa kula?"

Bi Klara alicheka, maana mzee alikuwa na haki ya kuchekewa. Simu ya mapajani haikucheka. "Ukurasa wa wale wa ng'ambo ya njia umefunguka kabla sijakaa vizuri kitini," ilisema. "Chukua kwao. Nina watu wengine wa kuongea nao."

Bi Klara alizitia simu zote mbili mkobani. Alimshukuru mama mwenye nyumba kwa mkate, akamshukuru Usto kwa chai, na langoni akamshika Muhayyo mkono. "Zenu ni nzuri kuliko zao, binti yangu. Mimi nimeziona. Lakini anayelipa hajaziona." Kisha akavuka njia, akaingia kwa jirani Qodirali, na baada ya nusu saa nyumba nzima ikasikia buti la gari lake likifungwa, likafunguliwa, likafungwa tena kwa nguvu zaidi kwa kuwa mzigo ulikuwa umejaa.

Ikrom, mume wa Muhayyo, hakuinuka kwenye gurudumu lake la kufinyangia. Aliendelea kukandamiza udongo ule ule mpaka ukawa hauna umbo.

Jioni wakila, alisema bila kumtazama mtu, "Nimempa Ravshan pasipoti yangu."

Ravshan alikuwa mkuu wa kikosi cha wajenzi. Kila mwaka kabla ya Navruzi, sikukuu ya mwaka mpya ya mwezi Machi, alikusanya wanaume wa mji wao wa Rishton akawapeleka Urusi kubeba zege, akawarudisha theluji ikianza, wengine wakiwa na pesa, wengine wakiwa na mgongo mbovu, wachache wasirudi.

"Wanaondoka lini?" Muhayyo aliuliza.

"Tarehe kumi Machi."

Mama Enahon, mama mkwe, aliacha kumega mkate. Usto Sotvoldi alitafuna taratibu akameza. "Tangu babu wa babu yangu hakuna mtu wa nyumba hii aliyefinyanga kitu kisicho udongo," alisema.

"Udongo haununuliwi, baba," alisema Ikrom, na hapo ndipo mazungumzo yalipoishia. Zilikuwa zimebaki siku kumi na tisa.

*

Dilnavoz alikuwa msichana wa mjini Fergana, mtengenezaji wa tovuti, mwenye meza moja katika kona ya duka la kuchapisha kadi za harusi. Muhayyo alimletea bakuli zuri lililofungwa kwenye gazeti, maana maarifa hayaombwi kwa mikono mitupu, na akamwandikia anwani ya tovuti yao kwenye karatasi.

Dilnavoz hakutumia kompyuta. Alitoa kwenye droo simu kuukuu yenye ufa, akasema wateja wengi wana simu ya aina ile wala si ile anayojivunia yeye, kisha akaanza kuhesabu muda. Mtu aliingia akauliza bei ya kadi mia tatu, akajibiwa, akabisha, akatoka.

"Sekunde arobaini na moja," alisema Dilnavoz. "Mimi mwenyewe ningeondoka kwenye ya tano. Haya, tuone mlichobeba." Akasogeza ukurasa kwa kidole. "Video. Dakika nne, na inaanza yenyewe bila kuombwa. Anasema nini?"

"Ni baba mkwe wangu, anasalimia. Anauliza hali ya nyumbani, ya watoto, ya mifugo. Kisha anamimina chai. Kisha anaomba dua."

"Sawa. Na hawa saba kwenye picha?"

"Ni mafundi wa ukoo. Huyu wa mwisho ni baba yake baba mkwe, Usto Nemat."

"Picha moja tu ya hawa ingetosha kubandikwa ukutani kwenye stesheni ya treni, na bado usingeona ukungu. Nyie mnaipitisha yote ilivyo kwenye kitu cha upana wa kiganja. Mara saba." Akaendelea kusogeza. "Sahani ziko wapi?"

"Chini."

"Chini wapi?"

"Baada ya wazee."

Dilnavoz aliiweka simu mezani. Hakucheka, na Muhayyo alimshukuru moyoni kwa hilo. "Nani aliwatengenezea?"

"Bahtiyor, mpwa wa baba mkwe. Kazi anaijua. Alimwambia mjomba wake kwamba picha zipunguzwe, mjomba akamuuliza ni nani aliyemfundisha adabu. Basi akafanya alivyoambiwa." Muhayyo alivuta kiti karibu na meza. "Kwetu mgeni haonyeshwi kitu kabla hajasalimiwa, hajanywa chai, hajajua mikono iliyofanya kazi ni ya watoto wa nani. Kumwonyesha sahani kwanza ni kumwambia nimeona mfuko wako kabla sijaona uso wako. Baba anaamini hivyo, na mimi siwezi kusema amekosea."

"Hajakosea. Babu yangu alikuwa vivyo hivyo, alikuwa akiuza visu." Dilnavoz alilifungua lile bakuli kutoka kwenye gazeti, akaligeuza kuliangalia kwa chini, palipo na alama ya nyumba. "Lakini mgeni wa babu yangu alikuwa ameshaingia ndani, ameshavua viatu, ameshaketi. Huyu wa kwenye simu bado yuko nje ya lango, dada. Anabisha. Nyie mko ndani mnamsalimia lango limefungwa, mnashangaa mbona amekwenda kwa jirani."

Akamweleza kilichotakiwa. Sahani zije juu kabisa, na bei yake, na namba ya simu. Picha zote zipunguzwe uzito. Jicho halitaona tofauti. Wazee wahamie ukurasa wao wenyewe, atakayewataka atawafuata huko. Video iondoke, au kama ni lazima, ikae kimya mpaka mtu aibonyeze. "Ni kazi ya saa moja. Neno la siri unalo?"

"Ninalo."

"Nianze?"

Muhayyo alitazama lile bakuli kwenye mikono ya mwenzake. "Ngoja nikamuulize mwenyewe," alisema.

*

Alichagua wakati mzuri, baada ya sala ya alasiri, mzee akiwa ametulia na brashi yake akichora komamanga kwenye sahani kubwa. Alimweleza polepole. Alimpa hata mfano wa lango. Usto Sotvoldi alimsikiliza mpaka mwisho, brashi ikiwa imesimama hewani.

"Baba yangu alikuwa akiinama ili apite mlango huu," alisema. "Mlango huu huu. Leo wewe unataka nimpunguze mpaka atoshe kiganjani kwa mtu nisiyemjua."

"Ni picha tu, baba."

Kabla neno "tu" halijamtoka lote alijua amekosea. Enahon, aliyekuwa akichambua mchele karibu na ukuta, alisema na mchele wake, "Mkamwana wetu amesoma. Zamani wafu walikuwa wanaombewa. Siku hizi wanapimwa kilo."

"Mama, sikusema hivyo."

"Sijasema umesema."

"Salamu basi," Muhayyo alimgeukia mzee. "Tuiache, baba, ila isianze yenyewe. Anayetaka kuisikia aibonyeze."

"Yaani mgeni aniamuru nimsalimie?" Mzee alishangaa kweli, wala hakuwa na ubishi. "Akinibonyeza nisalimie, asiponibonyeza nikae kimya kama redio? Hapana, binti. Anayekuja kwangu nitamsalimia. Asiyetaka, Mungu amfungulie njia nyingine." Akarudi kwenye komamanga lake.

Ikrom alikuwa mlangoni mwa karakana, amesikia yote, na alitazama mikono yake. Muhayyo alimngoja aseme neno moja. Lolote. Alimpenda mume wake, na kwa muda ule alimchukia pia, yeye na mikono yake hiyo iliyoweza kuinua udongo ukawa chombo na isiweze kumgusa baba yake begani. Alijua sababu ya ule ukimya. Kwenda Urusi kulikuwa ndiyo njia ya Ikrom ya kumpinga mzee bila kumjibu.

Asubuhi yake Muhayyo aliingia ghala ya kuni, akafunga mlango, akampigia Dilnavoz.

"Toa," alisema.

"Amekubali?"

"Nimekwambia toa."

Kabla video haijafutwa aliipakua kwenye simu yake mwenyewe. Alijiambia ni ili isipotee.

*

Saa ile ile ukurasa ukawa unafunguka kwa sekunde mbili. Muhayyo aliufungua mara ishirini siku hiyo, akitumia bando lake lote, akitazama sahani zinavyojitokeza pamoja na bei, safi, bila mtu. Zilimpendeza na zilimtia upweke. Siku nne hakuna aliyeandika. Alikuwa amemfukuza mzee kwenye lango lake mwenyewe na hata mgeni hakuja.

Siku ya tano mwanamke wa Almaty aliagiza sahani sita. Siku ya saba watu watatu waliuliza bei ya kusafirisha, na mmoja akalipa. Kisha mwenye nyumba ya chai ya Bukhara, mtu aitwaye Hoshim, alipiga simu badala ya kuandika: anataka mabakuli sitini na sahani kubwa za pilau kumi na mbili kabla ya Navruzi, na ikiwa wateja wake watazipenda, mia nyingine wakati wa kiangazi.

Ikrom alikwenda kwa Ravshan. Alirudi akasema amekubaliwa kuahirisha, ataingia kwenye kikosi cha pili cha mwisho wa Machi ikiwa mambo hayatakaa sawa. Pasipoti imebaki huko. Lakini usiku huo alikula vizuri, na kesho yake gurudumu lilianza kuzunguka kabla jua halijachomoza.

"Dua inafika," alisema Usto Sotvoldi. "Ilichelewa njiani, imefika."

Tangu hapo kila alasiri alimwita mkamwana. "Nionyeshe kidogo," alisema, kwa aibu kama ya mtoto anayeomba peremende, na Muhayyo akamfungulia ile video iliyokuwa ndani ya simu yake. Ilianza papo hapo. Mzee alijitazama akiuliza hali za nyumbani na za mifugo, midomo yake ikifuata maneno. "Mbona inafunguka upesi hivi?" aliuliza siku ya kwanza. "Na mlikuwa mnailaumu." Muhayyo alimimina chai, akalaumu mtandao wa mwezi uliopita.

Enahon naye akalainika. Alianza kumwekea Muhayyo ile katikati ya mkate iliyochomwa vizuri, yenye ufuta, ambayo katika nyumba ile ilikuwa ya wanaume. Maneno yake makali Muhayyo aliyazoea tangu harusi, yaliingia huku yakatokea kule. Huu mkate ulimkaba.

*

Hoshim wa Bukhara alikuja mwenyewe kuchukua mzigo wake. Alikuwa mtu mnene mwenye kucheka, na Usto Sotvoldi alimpokea langoni kwa mikono miwili.

"Sina haja ya kukuuliza habari nyingi," alisema mzee kwa furaha, "maana tumeshasalimiana, mimi na wewe. Niambie kweli. Ulikaa mpaka mwisho, au uliondoka kwenye chai?"

"Chai gani, Usto?"

"Kwenye salamu zangu. Kwenye simu."

Muhayyo alikuwa ameshika bakuli, analifunga kwa majani makavu. Lilimponyoka. Ikrom aliviokota vipande, akaenda kuleta lingine.

"Labda nilipita upesi," alisema Hoshim, akijaribu kusaidia asichokijua. "Mimi nilikuwa kwenye foleni ya mafuta ya gari. Nikaona sahani, nikaona bei, nikaona namba, nikapiga. Zamu yangu haikuwa imefika."

"Na wazee saba?"

"Wazee wapi?"

Usto Sotvoldi aliyageuza macho taratibu yakatua kwa mkamwana wake, yakakaa hapo kidogo, yakarudi kwa mgeni. Nyumba haichambwi mbele ya mgeni. "Basi nina deni la salamu," alisema. "Keti."

Akalilipa. Alimuuliza hali ya nyumbani, ya watoto, akamuuliza na ya mifugo ingawa Hoshim aliishi kwenye ghorofa. Alimimina chai kidogo kidogo, kama inavyomiminiwa mtu anayetakiwa abaki. Alimpeleka ukutani zilipotundikwa picha akamtajia mafundi wote saba. Ilichukua karibu saa nzima. Hoshim alitazama saa yake mara mbili, lakini hakuinuka, na dua ilipofika alinyanyua mikono yake minene akaitikia amina kwa sauti. Wakati huo wote Muhayyo alifunga mabakuli, na kila alilolifunga alifikiri ni la mwisho. Mzee ataagiza kila kitu kirudishwe kilivyokuwa. Mwisho wa Machi ungefika. Angempakia Ikrom soksi za sufu kwenye begi.

Gari la Bukhara lilipoondoka, hakuna aliyeingia ndani. Usto Sotvoldi aliketi kwenye ukingo wa jukwaa la mbao la kukalia, pale uani.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Kabla ya yule wa Almaty, baba."

"Kwa hiyo wote hawa. Hakuna hata mmoja aliyenisikia."

"Hakuna, baba."

"Na kila alasiri unanionyesha nini?"

Enahon alifungua mdomo, na safari hii ni Ikrom aliyesema, "Mama, tafadhali," akaja akasimama karibu na mke wake, bega kwa bega, mbele ya baba yake. Alikuwa amechelewa majuma matatu, lakini alikuja.

Mzee aliwatazama wote wawili. Uso wake ulikuwa umechoka tu, na hilo lilimuuma Muhayyo kuliko hasira aliyokuwa ameiandalia moyo.

"Sasa unafunguka kwa muda gani?"

"Sekunde mbili."

"Mbili." Alifikiri. Alinyoosha vidole viwili akavitazama. "Kwa sekunde mbili mtu anaweza kusema nini?"

Muhayyo alifikiri pia, kwa kuwa swali lilikuwa la kweli. "Anaweza kusema assalomu alaykum, baba. Nikiandika kwa herufi, haicheleweshi kitu. Inafika kabla ya sahani."

"Kabla ya sahani?"

"Kabla, baba. Juu kabisa."

"Basi andika. Na uweke jina la nyumba, wajue ni nani anayewasalimia." Alijikongoja kuinuka, na Muhayyo alipotaka kumsaidia alimwashiria aache. "Ikrom. Nenda kwa Ravshan kabla giza halijaingia, ukachukue pasipoti yako."

Kisha akaingia ndani. Muhayyo aliandika yale maneno, akayatuma, akafungua ukurasa kuyahakikisha. Yalikuwepo, na sahani chini yake. Alichemsha chai mpya akampelekea mzee, lakini alipofika mlangoni alisita na sinia mkononi. Usto Sotvoldi alikuwa amesimama mbele ya ukuta wa picha, kofia mkononi, akianzia na yule wa kwanza. Alikuwa anawaomba radhi, mmoja baada ya mwingine, kwa jina la kila mmoja na jina la baba yake, na hakuwa na haraka. Muhayyo alingoja pale pale mpaka akafika kwa Nemat, baba yake mwenyewe, na chai ilikuwa imepoa.